Koti Lenye Viraka Hamsini na Nane

Tarehe 3 Februari

Mke wangu mdogo,

Pokea salamu, na ujue hizi naziandika kwa mkono wangu mwenyewe, asije mtu akakudanganya kwamba babu yako siku hizi anaandikiwa. Shangazi yako alitaka kushika kalamu nikamfukuza. Yeye ataandika maneno mazuri ambayo mimi sikuyasema. Na simu usinipigie, nilishakwambia masikio yangu yameliwa na mashine ya kusagia chuma, nikiwekewa simu nasikia nyuki tu. Mimi mzima. Mgongo unauma asubuhi, ikifika saa nne unasahau. Shangazi yako mzima, mdomo wake mzima zaidi. Mke mwenzio hajambo, anakusalimia.

Picha za makoti ya dukani kwenu nimezipata zote kumi na moja, nimezipanga mezani na hakuna ruhusa ya mtu kuweka chai pale. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikakohoa. Hili lenye mkono mmoja unaofika gotini, mwenye nalo akiwashwa pua anajikuna kwa mkono upi? Na hili lenye kola kiunoni, kichwa wanakipitishia wapi? Hili jingine mishono yote iko nje, nikasema huyu fundi alimvua mtu akaliuza kabla hajaligeuza.

Siku ya pili nilicheka kidogo. Siku ya tatu nililiona lile jeusi ambalo umeandika nyuma ya picha kwamba limekatwa kwenye kitambaa kimoja, halina mshono begani wala kwapani, limekunjwa tu. Nilichukua gazeti nikajaribu kulikunja hivyo nikashindwa, nami ni mtu wa kukunja bati moja likatoka sanduku bila kukatwa mahali. Mwambie aliyelikata kwamba huku kuna mzee mmoja amemvulia kofia. Hao wengine waambie wajitahidi.

Sasa nieleze. Unasema watu wanapanga mstari nje ya duka lenu kununua koti lililochanwa makusudi na kutiwa viraka makusudi? Mimi nimevaa koti la viraka miaka thelathini na moja na hakuna aliyenipangia mstari! Langu ni turubai la kufunikia lori, nililishonesha mwaka nilioanza kuchomea vyuma. Kila cheche ilipotoboa, bibi yako aliziba. Pazia lipo mle, gunia lipo, shuka lipo, sare ya shule ya baba yako ipo kwenye kiwiko cha kushoto. Viraka hamsini na nane. Nimehesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza vilitoka hamsini na saba nikakataa.

Naweka picha, alinipiga kijana wa studio. Mwonyeshe tajiri wako.

Babu yako,
Cheche, ambaye mageti yake yanafungwa mpaka leo bila kupigwa teke.


Tarehe 27 Februari

Babu, shikamoo.

Nimeicheka barua yako nikiwa kazini mpaka msimamizi akaja kuuliza. Mimi sijambo. Chumba changu bado ni kile kile, dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini nimepata pasi mpya na kabati. Kazini bado niko kwenye majaribio. Nasimama dukani saa tisa kwa siku, kazi yangu ni kuwavalisha wateja na kunyamaza.

Juzi alikuja mama mmoja mtu mzima, akalivaa lile koti jeusi ulilolipenda. Hakwenda kwenye kioo. Alifumba macho, akakunja mikono, akainama kama anaokota kitu, akasimama. Akasema, "Hili halinigombezi." Akalilipia. Nilitamani ungekuwepo, Babu. Kuna wanaokuja kununua jina, hao wanatazama lebo kwanza. Na kuna wachache wanaokuja kama yule mama, wanaligusa koti ndani, kwenye bitana, ambapo hakuna atakayepaona. Wa namna hiyo wakija hata mbunifu wetu mkuu hushuka ngazi kuwatazama.

Sasa sikia. Picha yako niliionyesha, kama ulivyoniagiza. Mbunifu mkuu aliichukua akaenda nayo dirishani. Akakaa nayo muda mrefu, kisha akawaita wote wa chumba cha kukatia. Aliniuliza nani alitia viraka hivi. Nikasema bibi yangu. Babu, miezi saba nimefanya kazi pale na ilikuwa mara ya kwanza ananiuliza kitu na kusubiri jibu.

Wanaliomba. Wanataka kuliweka katikati ya duka, kwenye sanamu, peke yake, bila koti jingine kando yake. Na wanataka kujifunza kwake kwa ajili ya makoti ya msimu ujao. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya kutia sahihi, ni ya kawaida tu. Gharama ya kulituma ni juu yao. Ukikataa nitaelewa.

Bibi anaendeleaje kweli? Umemwandikia maneno manne tu.

Mjukuu wako.


Tarehe 19 Machi

Mke wangu mdogo,

Sisi huku tumeamka salama, mvua imenyesha siku mbili na paa langu halikuvuja tone, la jirani limevuja. Shangazi yako amepata miwani, sasa anaona makosa yangu kutoka mbali.

Koti limeondoka. Nililipeleka posta mwenyewe, nikamwambia yule binti wa dirishani, ulishike vizuri hilo, linakwenda kusimama peke yake katikati ya duka. Akaniuliza thamani yake aandike nini. Nikamwambia aandike mpaka nafasi iishe.

Mtaani nimewaambia wote. Kinyozi hakuamini, nikampelekea barua yako akaisoma kwa sauti mbele ya wateja, nikamrudisha pale kwenye "bila koti jingine kando yake" akarudia mara tatu. Sasa ananiamkia kabla sijafika.

Karatasi yako nimetia sahihi. Herufi zake ndogo kama mayai ya chawa, sikuhangaika nazo, wewe umeshasema ni ya kawaida. Jina langu nimeliandika lote, limevuka mstari likagusa maneno ya chini.

Mke mwenzio hajambo. Nilipokuwa nalifunga koti alilishika mkono mmoja akalishikilia. Nikamwambia liachie mama, linakwenda kutembea. Akaliachia baada ya muda. Unajua utani wake.

Cheche.


Tarehe 2 Aprili

Babu, shikamoo.

Mimi mzima. Limefika salama. Msimamizi alipofungua kifurushi harufu ya chuma ikajaa duka zima, na mbunifu mkuu akakataza watu kufungua milango.

Lilisimama siku mbili katikati, kama nilivyokwambia. Wateja walikuwa wakilizunguka. Mzee mmoja aliomba kuligusa, tukamruhusu, akaweka kidole kwenye kile kiraka cha pazia mgongoni akabaki hivyo. Kijana mmoja alitaka kulinunua pale pale, akaambiwa haliuzwi, akalia kwa hasira kama mtoto. Siku ya tatu walilipandisha chumba cha kukatia.

Na mimi wamenipandisha! Sisimami tena dukani. Nina meza yangu, mkasi wangu na taa yangu. Ahsante, Babu. Ni kwa ajili yako.

Nina kazi nyingi, nitaandika zaidi.

Mjukuu wako.


Tarehe 30 Aprili

Mke wangu mdogo,

Hongera ya meza. Nilijua. Damu ya mafundi haisimami mlangoni ikitabasamu. Mgongo wangu unaendelea na mambo yake. Shangazi yako alianguka kwenye ngazi, hakuumia, ngazi ndiyo imevunjika.

Barua yako ilikuwa fupi. Hukuandika koti linarudi lini. Sikuharakishi, nauliza tu, kwa sababu asubuhi kuna baridi. Mtu atasema Cheche ameacha kazi miaka minne, koti la kazi la nini. Mwambie ni langu.

Mke mwenzio analiulizia. Anafungua kabati, anafunga, anafungua. Nimemwambia linarudi, akasema nani wewe wa kuniambia. Tulicheka.

Niandikie tarehe. Hata ya kukisia.

Babu yako.


Tarehe 6 Juni

Mjukuu wangu,

Nimengoja barua wiki tano. Nimekwenda posta mpaka yule binti wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Leo salamu ni fupi.

Nitakwambia jambo ambalo nilimkataza shangazi yako kukwambia, nikamwapia kwamba akifungua mdomo asikanyage kwangu. Ile hajambo ya bibi yako ilikuwa ya kuandika tu. Ni mwaka wa pili huu. Alianza kusahau jiko, akasahau njia ya dukani, akasahau shangazi yako ni nani, anamwita dada wa zahanati. Daktari alimtazama akasema ni umri, dawa ya kurudisha hakuna, zipo za kumfanya alale. Nikazikataa. Mimi nilisema chuma kilichopinda kinanyooshwa, huyu nitamnyoosha mwenyewe.

Mimi hakunisahau. Nilikuwa najisifu moyoni, nikasema wote amewasahau lakini mimi, mimi nani atanisahau? Saa kumi na moja jioni nilikuwa naingia kwa mlango wa nyuma, ndivyo nilivyoingia siku zote kutoka karakana, na nilipoacha kazi niliendelea kutoka na kuzunguka ili niingie hivyo. Ananijia, anaweka mkono kwenye kiwiko cha kushoto, hapo kwenye sare ya baba yako, anapapasa kidogo, anasema, "Umerudi." Kisha ananiletea maji ya kunawa. Ndiyo siku yetu, hiyo. Tukishapita hapo usiku wote unakwenda vizuri.

Nilidhani ananijua mimi. Kumbe anajua koti.

Tangu liende, ninaingia na mkono wake hauoni pa kushika. Mwanzo alikuwa anatazama tu. Kisha akaanza kuniuliza nataka nini. Wiki iliyopita alifunga mlango kwa komeo nililolichomea mimi mwenyewe, komeo ambalo halisukumiki na mtu, akapiga kelele mwizi. Majirani walitoka. Nilisimama nje ya nyumba yangu, nimeshika kofia, nawaeleza watu kwamba ni utani.

Usifikiri nimekaa. Nimezunguka mitumbani siku nne nikitafuta koti la turubai. Nimepindua marundo mpaka wauzaji wakanipa jina. Hili kola yake hapana, hili kwapa limebana, hili mifuko iko juu. Wale wateja wenu wanaogusa bitana, mimi nimewazidi. Nikapata moja linalokaribia. Nikalitundika, nikawasha mashine, nikalirushia cheche mpaka likatoboka, shangazi yako akatia viraka kwa miwani yake mipya. Nikalivaa. Bibi yako akagusa kiwiko akaufuta mkono wake kwenye gauni kama ameshika kitu chenye mafuta.

Sikuombi hela wala zawadi. Waambie wamelitazama inatosha. Walirudishe. Wewe uko nao chumba kimoja, linyanyue kwenye hiyo sanamu uje nalo.

Babu yako.


Tarehe 24 Juni

Babu yangu, shikamoo.

Sina habari ya kutanguliza. Nimeandika barua hii mara sita.

Koti halipo, Babu.

Siku ile walipolipandisha, waliniita. Mbunifu mkuu aliniambia, koti ni la nyumbani kwenu, mikono yako ndiyo inafaa. Akanipa wembe na meza. Kazi yangu ya kwanza kwenye ile meza niliyokusimulia ilikuwa kulifumua. Ndivyo wanavyojifunza nguo pale: wanaitoa mshono mmoja mmoja, wanabandika kila kipande ubaoni na namba, wanachora. Nilijua hivyo kabla sijakuandikia. Nilikwambia kujifunza. Sikukwambia kufumua. Na ile karatasi ilisema wanaweza kulitumia wapendavyo. Niliisoma. Niliandika ni ya kawaida kwa sababu pale ni ya kawaida, kila mtu anaitia sahihi.

Ilinichukua siku tisa. Nilijiambia watalishona tena, nami ndiye nitakayelishona. Chini ya kila kiraka kulikuwa na kiraka kingine. Kwenye kiwiko cha kushoto kulikuwa na saba, kimoja juu ya kimoja. Ile sare ilikuwa ya juu tu. Sindano ya Bibi inakwenda kinyume, kutoka kushoto, na kila akimaliza anarudi mara mbili mahali pale pale. Niliukata huo uzi kila mahali. Nilikuwa najivunia kwamba sikuchana kitambaa.

Halafu wakapeleka vipande kiwandani kupima rangi, vingine vikachemshwa waone jinsi vinavyochakaa. Nilipouliza, msimamizi alinitazama kama niliyeuliza maganda yamekwenda wapi. Baada ya barua yako nilikwenda kwenye mapipa, nikatafuta kwenye madroo, nikampigia mtu wa kiwandani. Nimepata vipande kumi na vinne. Kiwiko hakimo.

Nilikwenda kwa mbunifu mkuu nikamweleza habari za Bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlengalenga, Babu, si mtu mbaya. Akasema koti la kwanza la msimu, kabla halijawekwa dukani, ni lako. Ndilo ninalolituma pamoja na vipande. Limefuata ramani nilizochora mimi, viraka hamsini na nane, kila kimoja mahali pake, hata matundu wameyachoma kwa cheche za kweli. Tumelisugua na vumbi la chuma ili linuke.

Niambie nifanye nini. Niache kazi nije? Nitakuja kesho ukisema.

Sikujua kuhusu Bibi. Lakini najua kwamba nisingesikia hata kama ungeniambia, kwa jinsi nilivyoitaka ile meza.

Mjukuu wako.


Tarehe 1 Agosti

Mke wangu mdogo,

Salamu zako zimefika na kifurushi kimefika, kamba haikuguswa. Shangazi yako anakusalimia, amelia siku moja kisha amerudi kunigombeza, maana yake amepona.

Kazi usiache. Ukija hapa utafanya nini? Atakuuliza wewe ni binti wa nani, utajibu, atakuuliza tena. Kaa kwenye meza yako. Niliyetia sahihi ni mimi, na jina likavuka mstari kwa majivuno, hakuna aliyenishika mkono. Na niliyeandika hajambo, hajambo, kila barua, ni mimi vile vile. Nilikasirika siku kumi, nikakutafutia maneno, maneno yote yakawa yananifaa mimi.

Vipande kumi na vinne nilimpa mkononi. Alivipanga kitandani vikubwa na vikubwa, vidogo na vidogo. Nikasubiri. Akavikunja vizuri akaviweka pamoja na matambara ya kufutia vumbi. Sikumzuia.

Sasa koti. Nitasema kweli kwa sababu mimi ni fundi na fundi haionei kazi ya mwenzake. Ni koti zuri. Nililikagua mezani mchana mzima, nje na ndani. Bega limekaa. Kola inasimama bila kukaba. Matundu yamechomwa na mtu anayejua umbali wa kushika fimbo ya kuchomelea. Ningekuwa mteja wenu ningefumba macho nikalinunua. Nilivaa nikajitazama kwenye kioo, nikasema huyo, Cheche huyo.

Nikatoka, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma saa kumi na moja.

Akaja. Akaweka mkono kwenye kiwiko. Akapapasa. Akahamia kiraka cha pili, cha tatu, akapanda mpaka begani, kidole kinafuata mshono kama anayesoma. Akaurudisha mkono wake, akatabasamu, akasema, "Koti zuri. Mume wangu analo kama hili."

Nikasema ndiyo mama.

Akasema, "Basi kaa umngoje, hachelewi huyo." Akanivutia kiti. Akakaa na yeye. Tukamngoja.

Kesho yake nikaingia tena, na kesho yake. Hafungi tena komeo, hapigi tena kelele, kwa hiyo usiseme koti halikufaa kitu. Kila saa kumi na moja ninakaribishwa vizuri nyumbani kwangu. Giza likiingia namwambia ngoja nikamwangalie bwana barabarani, natoka, nalivua koti, shangazi yako anamlaza, naingia kimya kimya.

Na tukiwa tunangoja huwa ananisimulia habari za mumewe. Anasema hajaona fundi kama yule. Anasema siku moja mnara wa maji ulipasuka, mafundi watatu wakaukimbia, yeye akapanda peke yake na mashine mgongoni, akauziba maji yakimmwagikia usoni, akashuka anapiga mluzi. Mimi siukumbuki mluzi. Anasema akicheka nyumba nzima inasikia. Ananiuliza kama namfahamu. Ninasema namfahamu kidogo.

Maisha yangu yote nimesifiwa na mimi mwenyewe, wewe unajua. Sasa ninakaa pale, kofia iko magotini, nasikia sifa zangu zote kutoka kinywani mwake, na sina la kuongeza.

Babu yako.